Kamongo wa Ijumaa ya Kwaresima

Marahaba, wajukuu zangu, marahaba nyote. Nimeviona vyombo mlivyoletewa pale mwaloni, tunapoegesha mitumbwi, vile vyembamba vya plastiki, rangi ya chungwa kama sare ya mfungwa, ambavyo mnaviita kayaki. Nimeviona pia vikipinduka. Jumamosi nilikuwa ukingoni naanika mihogo yangu, nikawa nawatazama mnavyotumbukia mmoja mmoja kama vyura, nikacheka mpaka mgongo ukaniuma. Halafu Jeni, binti wa mwalimu, akapanda ukingo amelowa chapachapa, akanisalimia, akaniuliza, "Bibi, tunasikia wewe ulivua mto Ruvubu miaka yote ile kwa mtumbwi wa mtu mmoja. Hukuwa unapinduka?"

Nilipinduka, mjukuu wangu. Nilipinduka mbele za watu, nikiwa nimevaa kitenge kizuri.

Mimi ni Adelina, Mama Editha kwa wanaonifahamu tangu zamani. Nilizaliwa Ntobeye, mlimani, kwenye ndizi na maharage, kwa watu wanaoogopa maji yanayozidi beseni. Nikaolewa na Sabas huku bondeni. Sabas alikuwa mvuvi, tena mvuvi mzuri, mpaka siku alipokwenda kuangusha mti wa kuchonga mtumbwi mwingine na mti ukaamua kuangukia upande wake. Mguu ulivunjika juu ya goti. Alilala ndani msimu mzima, mtumbwi umefungwa kwenye matete, watoto wananitazama mimi. Basi nikaenda nikaufungua.

Usifikiri nilikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka kula mboga za majani huku samaki wakiruka mbele ya mlango wangu.

Niliingia mtumbwini nimesimama, kama mtu anayepanda kitandani. Mtumbwi ukaniangalia, ukageuka, ukanivika kichwani kama kofia. Aliyenivuta alikuwa Mzee Leopoldi, Mzinza aliyetoka huko ziwani akaoa huku kwetu, na mke wake alipofariki akabaki, akasema makaburi ya mtu ndiyo kwao. Alinivuta kwa kafi, akaniweka kwenye nyasi, akasubiri niteme maji. Kisha akaniuliza, "Mama Editha, umewahi kubeba mtoto mgongoni?"

"Nimebeba watano, mzee."

"Ukijikaza, mtoto anafanyaje?"

"Analia."

"Basi na mtumbwi ni hivyo hivyo. Ukijikaza unalia. Legeza kiuno."

Hilo ndilo somo la kwanza, na nyinyi wenye plastiki nawapa bure. Kaa chini kabisa, makalio yaguse kitako cha chombo. Magoti yafungue mpaka yaguse ubavu huu na ubavu ule. Kiuno kiwe cha mtu anayecheza ngoma, mabega yawe ya mtu aliyeko kanisani. Na macho yaende mbali, kwenye mti au mlima. Ukitazama maji yaliyo karibu na goti lako, utayafuata.

Leopoldi alinifundisha mengine mengi, na mengine nilijifunza kwa hasara. Kwa mfano, nilipoanza kutega migono, ile mitego ya matete ambayo samaki huingia asijue pa kutokea, niliona kamba za katani hazidumu. Nikajiona mjanja, nikafunga migono yangu yote kwa kamba za ngozi ya ng'ombe. Kesho yake fisi maji walikuwa wamezila kamba zote, na migono imekwenda zake Rusumo kutazama maporomoko. Leopoldi alicheka akakohoa. "Umewaandalia nyama," akasema, "na samaki ndani yake kama kitoweo."

Na kukausha samaki vilevile. Mara ya kwanza kupeleka samaki mnadani Nyakahura, kule kwenye barabara ya Biharamulo, nilikuwa nimewakausha kwa kuni za mkaratusi kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu. Mama mmoja wa Kisukuma, Nyamizi, aliyehamia pale na mumewe kutoka Shinyanga pamoja na ng'ombe wao, akamwinua samaki wangu, akamnusa, akamweka sikioni kama anamsikiliza. "Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "huyu samaki anaumwa mafua?" Watu walicheka mnada mzima. Alikuwa ananuka dawa ya kikohozi! Lakini Nyamizi hakuniacha hivyo. Alinivuta pembeni akaniambia nitumie magunzi ya mahindi makavu, moto mdogo, moshi mwingi, na akanifundisha kupika kambare kwa karanga za kusaga. Tangu hapo samaki wangu walikuwa na rangi ya asali, na wateja wa Nyakahura walikuwa wananiuliza kwa jina. Mpaka leo nikipita pale wanauliza.

Lakini nataka niwaambie habari ya Ijumaa moja, kwa sababu bila Ijumaa ile msingeona wasichana watatu kati yenu wakipinduka mwaloni leo. Wasingekuwapo pale.

Mnajua zamani mwanamke hakuruhusiwa mtumbwini. Alitakiwa kungoja ukingoni na beseni. Walisema mwanamke akipanda mtumbwi samaki wanahama. Wakati Sabas amelala na mguu wake, walininyamazia, wakijua nina watoto. Lakini Sabas alipoanza kutembea kwa mkongojo, wanakamati wa mwalo waliniita. Mwenyekiti alikuwa Philbert, mtu mwenye sauti kubwa na roho isiyo mbaya, mvuvi hodari, na kila aliposema neno alilisema kama amelikuta limeandikwa.

"Mama Editha," akaniambia, "tumekuvumilia. Ikipita Pasaka, mtumbwi mpe mwanamume. Mpe shemeji yako, mpe jirani, tafuta mtu. Samaki wamepungua."

"Wamepungua kwa sababu mto umejaa, Mwenyekiti."

"Umejaa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mvua inanyesha!"

"Haya. Ikipita Pasaka," akasema, na kikao kikafungwa.

Nilirudi nyumbani. Sabas aliniuliza wamesemaje, nikamwambia. Akasema, "Mguu huu hautakaa tena mtumbwini. Nimejaribu, goti halikunjiki. Kama si wewe, hakuna." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda kisimani. Lakini mimi nilisikia uzito wake wote.

Kwaresima hiyo mvua ilinyesha kama ina kisasi. Ruvubu ikawa nyekundu, ikabeba magogo, migomba, hata kuku mmoja aliyesimama juu ya paa la banda lake kama nahodha. Wavuvi walitoka kila asubuhi wakarudi na nyavu zilizojaa majani. Na ndipo Katekista Gaudensi akatangaza kanisani kwamba Baba Askofu atatembelea kigango chetu. Furaha! Vigelegele! Mbuzi walikwisha kuchaguliwa, wanawake wakagawana kazi, mkuu wao akiwa Konsolata, mke wa Philbert, mwanamke anayeweza kupikia jeshi asimwage hata wali. Siku zikakaribia. Jumapili ya mwisho, misa imekwisha, watu wako nje, Katekista akashika kichwa.

"Jamani! Siku yenyewe ni Ijumaa!"

"Sasa?" akauliza mtu.

"Ijumaa ya Kwalesima! Hatuli nyama!" Sisi Wahangaza, mnatujua, r na l zetu hubadilishana viti, na hofu ikiingia ndiyo zaidi.

Ukimpa Askofu maharage hatakasirika, ni mtu wa Mungu. Lakini kijiji kilichokaa juu ya mto kumpa mgeni wa namna ile maharage matupu, ingekuwa aibu ya kusimuliwa mpaka Bugarama. Macho yote yakamgeukia Philbert. Philbert akatazama viatu vyake.

"Mto umekataa," akasema. "Tumejaribu. Hakuna samaki."

Sijui kilichonisukuma. Nadhani ni zile siku zilizobaki kufika Pasaka. Nilisema, "Wapo."

"Wako wapi?"

"Nikiwaleta, mtumbwi unabaki kwangu. Si mpaka Pasaka. Unabaki."

Wanaume wakacheka. Philbert naye alicheka, lakini alikuwa mbele ya kanisa, mbele ya Katekista, mbele ya mkewe. "Ukiwaleta," akasema, "nitakuwa wa kwanza kukupisha njia."

Jioni ile nilikwenda kwa Mzee Leopoldi. Alikuwa amezeeka sana, haendi tena mtoni, anaota jua mlangoni. Nikamwambia nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Akafikiri, akasema, "Mto ukitoka nyumbani kwake, samaki naye hutoka. Wenzako wanawatafuta mtoni. Mtoni kuna nini? Tope tu. Samaki wamekwenda kutembea." Akaonyesha kwa kidevu upande wa malisho, ambako maji yalikuwa yamefunika nyasi zote. "Wafuate walikokwenda kula."

Alhamisi nilitega migono yangu pembezoni mwa malisho hayo, na Ijumaa kulipopambazuka nilikuwa majini. Nilibeba kafi, upondo wa kusukumia mtumbwi, mkuki wa Sabas, kisu, kopo la kuchotea maji na tenga langu lisilo na kitako. Hilo tenga mlijue, maana limesahaulika. Ni kama kikapu kikubwa kilicho wazi juu na chini. Kwenye maji ya kiunoni unalishusha haraka juu ya samaki, unalikandamiza kwenye tope, ukisikia anagonga ubavuni unaingiza mkono kwa juu unamtoa. Mama zetu wa bonde walilitumia wakitembea majini. Mimi nililitumia nikiwa ndani ya mtumbwi, nimeinama ubavuni, na ndiyo maana nasisitiza habari ya kiuno.

Mgono wa kwanza nilikuta mchanga. Wa pili mchanga. Wa tatu ulikuwa na vichwa vya samaki, vichwa vitupu, fisi maji walikwisha kula. Niliketi nikatazama vichwa vile vikinitazama. Nikaona sura ya Philbert, nikaona shemeji yangu akikalia mtumbwi ule na kuuvunja kwenye mwamba ndani ya wiki moja, maana alikuwa mtu wa kuvunja vitu.

Nikasukuma mtumbwi zaidi ndani ya nyasi, mpaka mahali ambapo ng'ombe hulala wakati wa kiangazi. Nikaacha kupiga kafi. Nikatulia. Asubuhi ile hakukuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti, ukungu umekaa juu ya maji. Na nyasi zikatikisika.

Zilitikisika pale, zikatulia. Zikatikisika kule. Bila upepo! Walikuwa kambare, wajukuu zangu, wanajisugua kwenye mashina, wanakula funza na mende waliotolewa na mafuriko kwenye mbolea ya ng'ombe. Kama ng'ombe wenyewe, malishoni mwao.

Nilishusha tenga. Gonga! Nikaingiza mkono, nikamshika nyuma ya kichwa, mbali na ile miiba miwili ya mbavuni inayochoma kama msumari. Nikamtupa mtumbwini. Nikashusha tena. Mara nyingine tope tupu, mara nyingine kambare, mara moja chura aliyenitukana kwa lugha yake. Nilisahau njaa, nilisahau Philbert. Jua lilipotoboa ukungu nilikuwa nimekalia samaki.

Lakini walikuwa wa kadiri tu, wa sahani za kawaida. Meza ya mgeni ilitaka kitu cha kumfanya mtu ainue nyusi. Nikiwa nafikiri hivyo, mbele yangu maji yakafunguka, mdomo ukatokea, ukavuta pumzi, pwaa, kama mzee aliyeketi baada ya kupanda mlima. Kamongo. Huyo ni samaki anayepumua hewa kama sisi, na kiangazi hujizika kwenye tope akangoja mvua. Huyu alikuwa mnene kama paja langu. Na angerudi kupumua, lazima. Anayewinda kamongo hamkimbizi. Anamngoja.

Nilimngoja, mkuki juu, mkono unawaka. Maji yakafunguka tena, nikapiga.

Sasa, kumpata kamongo ni kitu kimoja, kukaa naye kwenye mtumbwi wa mtu mmoja ni kitu kingine. Kamongo ana meno ya kupasua konokono. Nilipomvuta ndani alikamata ncha ya kafi, akaipasua kama muwa. Halafu akaanza kuyatafuta magoti yangu. Nilipiga kelele ambayo namshukuru Mungu hakuna aliyeisikia. Nikamfunika kwa tenga, nikalikalia tenga, nikakaa hivyo, juu, nilikokuwa nimekatazwa kukaa, mtumbwi unayumba, mimi nimelegeza kiuno kuliko siku zote za maisha yangu, mpaka akatulia.

Nikageuza niondoke. Na kwenye mlango wa kutokea, pale malisho yanapokutana na mto, alikuwa amesimama kiboko na mtoto wake.

Kiboko peke yake mnaweza kuafikiana. Kiboko mwenye mtoto hana mazungumzo. Nilirudi nyuma polepole, bila kupiga maji, nikajificha kwenye matete. Nikangoja. Jua likapanda. Nikawafunika samaki kwa nyasi mbichi, nikawa nawamwagia maji kwa kopo, kwa sababu samaki wa mchana hana subira. Kiboko hakuwa na haraka. Mtoto wake alikuwa anacheza. Kule kigangoni, nilijua, maji yalikuwa yanachemka kwenye masufuria bila kitu ndani.

Nikaona nimengoja vya kutosha. Upande wa pili wa malisho kulikuwa na shamba la ndizi, nalo limefurika. Nikaingia humo. Nikapita na mtumbwi katikati ya migomba, kushoto mgomba, kulia mgomba, nasukuma kwa upondo na kile kipande cha kafi, majani yananipangusa uso. Mara nikasikia sauti kutoka juu, kilimani penye nyumba, ya bibi mmoja mjane, mwenye shamba.

"Nani huyo anapita na mtumbwi shambani kwangu?"

"Shikamoo, bibi! Ni mimi, Mama Editha! Kiboko kaziba njia!"

"Marahaba. Na unakwenda wapi na mtumbwi migombani?"

"Kumpelekea Askofu samaki!"

Alinitazama kama anayetafuta dalili za pombe. Halafu akasema, "Basi usiende mikono mitupu. Kata mkungu ule, ule ulioinama, kabla maji hayajauozesha. Na majani chukua." Nikakata. Nikaufunga mtumbwi chini ya kilima chake, umeshiba samaki, ndizi na majani mabichi, na nilikuwa nimelowa tope mpaka kwenye nyusi. Wajukuu wa yule bibi walinisaidia kubeba hadi kanisani.

Tulipotokea nyuma ya kigango, wanawake walipiga vigelegele. Konsolata akakimbia na beseni. Akafunua nyasi, akaona kambare, akacheka. Akafunua zaidi, akaona kamongo, akarudi nyuma kama amekanyaga moto.

"Huyo simgusi."

Wote hawakumgusa. Mnajua, au labda hamjui tena, kwamba huku kwetu mwanamke alikuwa hali kamongo. Kila nyumba ilikuwa na sababu yake. Kwetu walisema utazaa mtoto bubu, kama samaki anayenyamaza kwenye tope. Wengine hata kumkata hawakutaka, wala kutumia sufuria aliyopikiwa. Na wanaume hawapiki kanisani. Basi kitoweo cha mgeni kikalala pale kwenye majani, watu wamesimama mduara, na gari la Askofu limekwisha kuonekana likiteremka mlima wa mbali.

Nikakunja mikono ya blauzi. "Nipeni maji ya moto na majivu," nikasema. "Kambare pikeni nyinyi. Huyu ni wangu."

Jifunzeni hapa. Kambare umpake majivu kwanza, umsugue, utelezi wote utoke, la sivyo mchuzi utavutika kama bamia. Konsolata na wenzake niliwaelekeza karanga za Nyamizi, na walizipika vizuri kuliko mimi. Kamongo ni mwingine. Huyu umwagie maji yaliyochemka, umkwangue magamba, umkate vipande vya mviringo kama magogo madogo. Usimtie sufuriani moja kwa moja, ana mafuta mengi mno. Mweke kwanza juu ya makaa, mafuta yadondoke, moto ulie, ngozi ikaze iwe kahawia. Ndipo utandike majani ya mgomba chini ya sufuria, upange ndizi mbichi zilizomenywa, juu yake samaki, kitunguu, nyanya chungu, limau, maji kidogo sana. Funika kwa majani mengine. Usikoroge. Ukikoroga kamongo unapata uji. Shika sufuria masikio yote mawili, uitikise.

Harufu ilipoanza kutoka watu walisogea karibu bila kujijua. Lakini nikakwama. Chumvi. Nitaionjaje? Sijawahi kumtia kinywani. Nikisema nionje, wanawake wote wataondoka jikoni, na muda wenyewe umesalia kidogo tu.

Philbert alikuwa amesimama pale nyuma ya ukuta, ameletwa na pua. Nikamwita.

"Mwenyekiti! Njoo uonje."

"Mimi? Jikoni?"

"Wewe unamla huyu. Mimi simli. Nani atajua chumvi?"

Alimtazama mkewe. Konsolata akamnyooshea kijiko. Philbert akapiga goti kwenye majivu, na suruali yake ya ibada, akapuliza mchuzi, akaonja. Akafumba macho. Tukangoja. "Kidogo," akasema. Nikaongeza. Akaonja tena. "Kidogo tena, na limau." Nikaongeza. Mara ya tatu nikamwambia, "Mwenyekiti, sasa unakula." Wanawake wakaangua kicheko, naye akacheka, na mchuzi uko kwenye kidevu.

Askofu alikula. Alikula vizuri, kama mtu aliyezaliwa kijijini, akatenganisha miiba kwa vidole. Alipomaliza aliuliza, "Katika mafuriko haya, nani amevua?"

Katekista akanitazama. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na tope langu. Hapo Philbert akasimama. Hakulazimishwa na mtu, nataka mlijue hilo.

"Ni huyu mama, Baba Askofu. Mama Editha. Kwa mtumbwi."

"Peke yake?"

"Peke yake. Sisi wengine tulirudi mikono mitupu."

Askofu akapiga makofi, na ukumbi mzima ukafuata. Nimepigiwa makofi mara moja tu maishani mwangu, ni siku ile, na sitaki kuwadanganya kwamba nilikuwa mnyenyekevu. Nilisimama wima. Nilijiona mrefu kama mnazi ambao sijawahi kuuona.

Wageni walipoondoka, nilikaa jikoni na sufuria. Kipande kimoja kilikuwa kimebaki, cha karibu na mkia. Wanawake walikuwa wanaosha vyombo, wananitazama kwa pembe ya jicho. Nikala. Nikakaa nikisubiri kitakachonipata. Kilichonipata ni kutamani kingine. Na mtoto niliyemzaa baada ya hapo ni Jakobo, na nyote mnamjua Jakobo, hata akilala anaongea.

Baada ya Pasaka Kamati ilikaa. Philbert alisema neno moja, "Mtumbwi unabaki," na kama kawaida yake alilisema kama amelikuta limeandikwa. Wengine walinung'unika, mmoja alihamia mwalo mwingine, na samaki hawakumfuata.

Nikavua miaka mingi baada ya hapo, mpaka mgongo ukaniambia inatosha. Nilisomesha watoto wangu kwa samaki wa mto huu. Nimeona nyavu za nailoni zikija, nimeona ndoano za kiwandani, na sasa naona plastiki yenu, na siichukii, ni nyepesi na haiozi. Lakini nikijiuliza ni samaki gani nilijivunia kuliko wote, si yule kamongo.

Ilikuwa siku chache tu baada ya kikao. Nilikuwa nafungua mtumbwi asubuhi, nikamwona Konsolata amesimama kwenye nyasi, kitenge amekikaza kiunoni, hana beseni. Akanisalimia. Akatazama maji. Akasema, "Nataka kujua unafanyaje." Nikamwuliza mumewe anasemaje. "Nimemwambia nakwenda," akasema. "Sijamwuliza."

Nilikwenda naye. Alipinduka mara mbili kabla jua halijapanda, akatoka mara zote mbili akicheka, nywele zimejaa majani. Nilipofika nyumbani nilimkuta Sabas mlangoni ananyoosha mguu wake. Nikamwambia tutahitaji kafi la pili. Hakuuliza la nani. Alichukua mkongojo na panga, akashuka bondeni kutafuta mti.